Ijumaa Hakipandishwi Kitu

Ghorofa ya pili, juu ya duka la pembejeo, Mwanjelwa.
Harufu ya mbolea hupanda ngazi kabla yetu.
Tuko wanne na hita moja.
Hita ni ya Lusajo; humsogezea anayemsifu.

Saa kumi na moja jioni. Ukungu umeshuka kutoka Loleza,
umekaa juu ya mabati ya soko kama mtu aliyekosa nauli.
Ukutani, kwa selotepu: IJUMAA HAKIPANDISHWI KITU.
Chini yake, mwandiko wa Ambakisye: *hata bei*.

Basi ni soga.
Mmesikia? Kampuni moja huko ughaibuni
imefukuza watu elfu mbili kwa barua pepe moja,
na barua yenyewe, wanasema, imeandikwa na mashine.
"Angalau haikukosea majina," anasema Sekela,
ambaye mshahara wake wa Machi ulikwenda kwa Sekela mwingine,
fundi cherehani wa Vwawa,
aliyeurudisha wote, akakata pesa ya kutolea.

"Mashine zitaandika kila kitu. Sisi tukalime."
"Kulima unajua?"
"Sijui. Unadhani nilisomea kompyuta kwa nini?"

Ambakisye anatoa ya kwake, ile ya nukta.
Mizani ya viazi pale Uyole ilisema themanini na tano nukta sifuri;
msimbo wake ukala nukta, ukaacha sifuri.
Mzee mmoja akalipwa viazi ambavyo shamba lake
lisingevizaa hata lingekunjuliwa mara mbili.
Akaezeka nyumba.
"Miezi mitano nilikatwa. Bati lile lipo, njia ya Isyesye, linang'aa.
Mvua ikinyesha kule nasema: haya,
inanyeshea pesa yangu."

Tunacheka mpaka hita inatingishika.

Halafu wananigeukia mimi.
Wanaijua. Wanaitaka tena.

Ilikuwa Juni, nasema, saa nane usiku,
najaribu mtambo wa kutuma ujumbe.
Niliandika la kuniliwaza mwenyewe:
*Jaribio. Jaribio. Baridi imeniweza, jiko hili halinisaidii.*
Orodha ya majaribio ilikuwa na namba moja, yangu.
Orodha ya kweli ilikuwa na wakulima wa pareto
elfu sita mia tatu na kumi na wawili, Makete nzima na jirani zake.
Kidole kikaenda kabla ya akili.
Simu yangu ikanyamaza. Nikangoja. Ikanyamaza.
Ndipo majibu yakaanza kushuka kama mawe ya mvua:
*Wewe nani?*
*Bei ya pareto imepanda?*
*Nitoeni humu.*
*Kalale kwenu.*

Hapo kwenye *kalale kwenu* hucheka mpaka machozi,
nami huishia hapo.

Siwasimulii ule wa saa nane na robo,
namba ya Bulongwa, herufi kubwa tupu, bila koma:
MWANANGU JIKO LA MKAA USIFUNGE DIRISHA
ACHA HATA VIDOLE VIWILI
BABA WATOTO ALILALA HAKUAMKA

Siwasimulii kwamba kichwa kilikuwa kinaniuma tangu saa sita
nikadhani ni msimbo.
Kwamba niliinuka, miguu ikawa ya mtu mwingine,
na komeo la dirisha likanishinda mara mbili.
Kwamba asubuhi meneja aliniita kosa hilo kwa jina lake,
uzembe,
nami nikatia saini, kwa sababu ulikuwa uzembe.

Siku hizi mtambo huuliza kabla ya kutuma: *Una uhakika?*
Niliuandika mimi huo mstari. Kila ninapoujibu
huwa ninadanganya kidogo.

"Nani kaacha dirisha wazi tena?" Lusajo analalamika.
"Mbeya hii, mwezi huu!"
Mimi.
"Hita yangu ni ya umeme, lakini."

Najua, namwambia.
Naliacha hivyo hivyo,
vidole viwili.