Vibanio

Saa kumi na moja kasorobo.
Naizima kengele kabla haijalia,
maana ikilia ataamka Éabha, na akiamka Éabha
nyumba nzima imeamka, na mbio zimekwisha.
Viatu viko mvunguni. Nainama kama inavyonipasa,
goti la kushoto linalia kama kijiti kikavu.
Nangoja. Hakuna aliyesikia.
Soksi navalia kwenye ngazi, kidato cha nne toka juu,
kile kisichosema.

Fiachra anaingia akinuka jibini na klorini,
zamu ya usiku imemkalia machoni.
Hatusalimiani, tunapokezana:
yeye anavua buti, mimi nafunga kamba.
"Tadhg amekohoa. Maziwa yamebaki kidogo.
Fomu ya shule iko chini ya birika."
Hayo ndiyo mahaba yetu siku za kazi.
Huko juu upande wangu wa kitanda una joto bado;
ni urithi wake.

Kisha mfereji. Giza la Januari, la kukata kwa kisu,
na taa ya kichwani inachimba tundu
la kupitisha pumzi yangu.
Bata maji wawili karibu na daraja la Daingean
hawageuzi hata shingo, wameshanizoea.
Nina dakika hamsini na tano. Si hamsini na sita:
ikifika hapo Fiachra huwa amelala akiwa amekaa,
kijiko cha uji mkononi,
na mtoto anajilisha mwenyewe, nyusi kwanza.

Mbio za Aprili ni kilomita hamsini.
Nimezigawa kama mkate kwenye nyumba yenye njaa,
kipande leo, chembe kesho,
Jumapili tonge kubwa.
Wenzangu wana kocha. Mimi nina kalenda mlangoni mwa friji,
na humo daktari wa meno ameshinda vilima mara tatu.

Jumapili moja ya Februari
tonge lilikuwa kilomita thelathini. Ukaja ujumbe:
*Mtambo umekufa. Sitoki kabla ya saa nne.*
Nilisimama jikoni nimevaa kila kitu,
hata glavu,
nikilitazama jiko kama lina jibu.

Nikatoka uani.
Toka tangi la mafuta hadi banda la baiskeli,
kuizunguka kamba ya nguo, kurudi: hatua sabini na moja.
Kiredio cha mtoto nimekifunga mkononi,
Éabha anakoroma kwenye mkono wangu.
Thelathini zikawa kumi na mbili, yaani mizunguko mia mbili,
nani ataihesabu?

Tadhg akatoka na pajama na buti za baba yake.
Nikampa kazi: kila nikipita mara kumi,
sogeza kibanio kimoja upande ule wa kamba.
Vikifika ishirini, nimemaliza.
"Ukimaliza utakwenda wapi?"
"Ndani."
Akafikiri. Akasogeza cha kwanza.

Bibi Geraghty aliwasha taa ya dirishani,
akanitazama, akaizima,
akaiwasha tena kuhakikisha.
Mimi nilizunguka. Majani yakawa tope, tope likawa njia.
Vibanio kumi na moja. Kumi na mbili.
Mizunguko kumi kamili, na kamba bado inasema kumi na mbili.
Nilijua uchovu hula hesabu, nikajilaumu, nikaendelea.
Kumi na nne. Kumi na nne.
Mvulana ananipungia mkono kila nikipita
kama vile natoka safari ndefu,
na mimi nampungia,
mapaja yanawaka, mate yana ladha ya chuma.

Jioni, nikipanga nguo za kufua,
nilipapasa mfuko wa pajama.
Vinne.
Mizunguko arobaini. Kilomita mbili na ushei
ambazo hazimo kwenye kalenda yoyote.

Sikumuuliza.
Asubuhi nilianika ile suruali kwa viwili,
na viwili nikavirudisha mfukoni.