Kupanda Kiboriani

Kutoka Mpwapwa niliipanda mimi.
Baada ya shamba la mwisho la karanga
mawe yakaanza; nikashuka, nikaisukuma,
na pale korongo lilipoila njia
nikaitia begani,
magurudumu yakijizungukia hewani, bure.
Sasa nani kampanda nani?

Chidawali yuko mbele, hageuki.
Pampu kaifunga kiunoni kwa kipande cha tyubu.
"Msitu uko karibu," anasema
tangu saa mbili.

Ukaja bila hodi:
ukungu, kuvumwani, majani
yanayodondosha mvua ya juzi,
na baridi ya kutushangaza sisi watoto wa vumbi.
Kima mmoja akatutazama,
akatafuna,
akatuacha.

Kushuka, breki ya nyuma ikakatika kona ya tatu.
Nikafunga breki kwa kandambili,
kisha kwa kichaka,
kisha kwa goti.
Chidawali alicheka mpaka naye akaanguka.

Usiku mama akauliza, huku akikoroga uji,
nimeleta nini huko mlimani,
kuni sina, asali sina.
Nikavua shati, nikamgeuzia bega:
alama ya fremu, nyekundu,
imelala pale
kama njia.