Viti Mia na Kumi na Saba

Nilimpa kovu shavuni, nikampa kikohozi,
na kibanda cha kushona viatu nyuma ya stendi ya Moshi.
Jina: Ndekirwa.
Akakaa tu ukurasani, kama koti kwenye msumari.

Nikamuua mama yake, ili alie.
Hakulia.
Msibani Kibosho, mvua ya Aprili ikigonga turubai,
alikuwa akihesabu viti vya kukodi:
vimeletwa mia na ishirini, vipo mia na kumi na saba.
Nikafuta.
Asubuhi mkono ukaandika tena vilevile.

Basi nikamfuata.
Akazunguka nyuma ya migomba,
akavikuta vitatu, watoto wamevigeuza basi.
Hakuwafukuza. Aliinua kimoja, akakikagua mguu,
akatoa gundi mfukoni
(gundi ya viatu, siku ya kumzika mama!)
akachuchumaa topeni na suruali aliyoshonewa harusi ya kaka,
akaunga ufa, akaupuliza.

Kovu nimelifuta. Kikohozi pia.
Jioni mlima ulijifunua wote;
hakugeuka, nami sikumlazimisha.

Gundi bado haijashika.
Kalamu iko juu, namngoja.