Nusu Tangi

Mbirimbi zimeanguka tena kwa mama, Limbani,
na mama anazitaka za achari.
Nimemwibia ndoo mbili.
Nazitwanga katika kinu kibovu, si kile cha jikoni,
nachuja maji yake kwa kanga iliyotoboka
na kuyamimina kinywani mwa tangi la Pijo
lililolala juu ya matairi mawili
tangu juzi Faki alipolishusha, likakohoa unga mwekundu.

"Mwalimu," anasema, "watu hutia siki."
Siki inauzwa. Mbirimbi zinaanguka.
Asidi ni asidi; kutu haiulizi ukoo.

Kabureta nimeifungua mezani pa chakula
juu ya karatasi za mtihani wa Fomu Tuu.
Boya lake la shaba lina maji ndani:
nalitikisa, linanong'ona.
Jeti zimeziba, tundu jembamba
kuliko la sindano ya kutungia asumini;
nazizibua kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli.
Kiwambo cha pampu kimekakamaa
kama ngozi ya dufu lililosahauliwa darini.
Paipu ya mafuta, kutoka nyuma hadi mbele,
naipuliza kwa mdomo. Hakuna kitu.
Naipuliza tena. Kidogo.
Mara ya tatu
ladha ya mwaka themanini na nne inanijia ulimini.

Mwaka ule mshale wa mafuta haukuvuka nusu.
Haukuvuka mwaka wowote.
Baba alitia petroli kiduchu, ikafurika.
"Limeshiba," akasema,
nasi tukaja kulisukuma gari Pandani,
nguo za sikukuu zimelowa jasho,
na watoto wa Pandani nyuma yetu:
Bahili! Bahili! Gari lako lalala na njaa!
Akacheka. Hakujitetea.
Nilimwonea haya mpaka alipozikwa,
na baadaye kidogo.

Siku ya tatu tunamwaga. Yanatoka meusi kama wino wa ngisi.
Tunatia mnyororo wa ng'ombe na kokoto,
tunalitikisa, mimi huku, Faki kule,
kama watu wanaombembeleza mtoto mbaya.
Mnyororo unagonga.
Unagonga mapema.
Faki anasimama. "Humu mna dari."

Tochi. Kioo chake cha kunyolea.
Bati limelehemiwa katikati, mshono umenyooka,
kazi ya mtu asiye na haraka.
Juu yake chumba,
na mlango wa chumba uko chini ya zulia la buti,
pale tulipokuwa tukiweka ndizi
na askari wa kizuizi wakazihesabu ndizi.
Faki anapenyeza bisibisi.
Inatoka harufu kwanza.
Kisha zenyewe, za kujaa kiganja, zilizosahauliwa pembeni,
vichwa vimekatika, na bado zinauma ulimi.
Hatuzitaji jina.
Miaka ile jina hilo lilikuwa na jela ndani yake.

Mama yuko barazani, anazitia chumvi mbirimbi zilizobaki.
Namwekea kiganjani.
Anazigeuza kwa kidole, anatafuna moja,
anatema.
"Zina makonyo," anasema.
"Za kwetu hazikuwa na makonyo."
"Za nani basi?"
"Mize, umechukua mbirimbi zangu."

Dari nimelikata. Tangi nimelisuuza kwa magadi,
kisha kwa petroli, nikalianika mdomo wazi.
Boya nimelilehemu mwenyewe,
vibaya, lakini halinywi.
Jana kituoni kijana wa pampu alifika nusu
akataka kuchomoa mpira; alilijua gari hili kwa hadithi.
"Endelea," nikamwambia.
Mshale ukapanda mahali ambapo sijapata kuuona,
ukatetemeka pale kama mgeni anayepiga hodi
kwenye nyumba ya wafiwa.

Pesa hazikutosha.
Nikamwachia saa.