Mlio wa Pili

Mama yumo edani, chumba cha uani,
Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani.
Baiskeli imeegemea ukuta wa ukumbi,
tairi la nyuma halina upepo.

Miaka thelathini na minane
baba alibisha hodi kwa kengele:
mlio wa kwanza wa mtaa mzima,
wa pili, mfupi, wa mama peke yake.

Hakuwa mtu wa maneno, Shekuwe bin Kombo,
fundi wa karakana ya reli.
"Nakupenda" sikuisikia kinywani mwake.
Ila mguu wa mama ulipovimba
alifunga mto kwenye keria,
akamkokota hadi Bombo kila Jumanne,
yeye kwa miguu, usukani mkononi,
mashimo yasije yakamrusha.

Sisi wavulana wanne alitunyoa mwenyewe.
Vibaya, sote.
Na wajukuu vilevile:
ukikutana na kichwa chenye ngazi Ngamiani,
huyo wa kwetu.

Jana Mwinjuma, kitindamimba wa dada,
ambaye bado anauliza babu atarudi saa ngapi,
alipanda keria, akanyoosha mkono,
akapiga kengele. Mara mbili.

Mama akainuka.
Akakaza mtandio mweupe, akashika birika,
akafika mlangoni
ndipo akakumbuka.

Dada akamkimbilia mtoto, kofi limeshainuliwa.
"Mwache," mama akasema.
Akamimina kikombe, kimoja, bila sukari
kama alivyokipenda mwenyewe,
akakiweka juu ya stuli, karibu na pedali.

"Mwache. Apige tena.
Ule wa pili."