Dirisha la Nne

Nilipanda Iringa na dodoso la kurasa saba
na kibali chenye muhuri wa zambarau:
Ufanisi wa Ufundishaji wa Sayansi ya Siasa Vyuoni.
Zungushia namba. Moja: sikubaliani kabisa.
Tano: nakubali mno.

Kioo cha dirisha la nne kilivunjika Aprili.
Juni, upepo wa mlimani hauombi ruhusa;
unaingia, unakaa, unafunua desa
lililonakiliwa kutoka desa la mwaka juzi,
nalo lilinakiliwa, na lile kabla yake,
hadi Mgiriki mmoja wa kale
amepoteza herufi mbili za jina lake.

Nikasoma: Mamlaka ni uwezo wa…
Kalamu sitini na mbili zikainama.
Sikuona jicho hata moja.
Daftarini mwangu niliandika: Usikivu mzuri.

Kisha umeme ukakatika.
Projekta ikakoroma, ikazima na demokrasia
pamoja na mishale yake minne ya bluu,
nikabaki mbele yao, mikono mitupu,
nikauliza kwa kukosa la kuuliza:
Pale dirishani anakaa nani?

Wakacheka kidogo.
Wanaochelewa, akasema Ambakisye.
Wanachelewa kwa nini?
Wanapanda kutoka Ipogolo kwa miguu. Bumu halijaingia.
Na nani alipanga iwe hivyo?
Hakuna, mwalimu. Ipo tu.

Nikaazima chaki darasa la jirani.
Nikaandika ubaoni: IPO TU.
Nikakaa chini.

Mtu akasema, Enelika hana shida,
kwao Makete kuna sakitu, amezoea.
Enelika Sanga, wiki nane hajafungua mdomo,
akasimama na kitenge chake mabegani.
Amezoea, nani kaniuliza?
Makete tunawasha moto.
Nyinyi mnanipa baridi yenu
halafu mnanisifu kwamba naiweza.

Basi hapo ndipo lilipolipuka.
Zamu kwa zamu! Hapana, bahati nasibu!
Tuchange tununue nailoni.
Kwa nini tuchange, ada tumelipa?
Tupige kura, akapaza sauti mmoja wa mbele,
na wale tisa wa dirishani wakajibu kwa pamoja:
Kura hiyo tutashindwa kila siku!
Gwakisa, ambaye mimi nilimjua kwa usingizi wake,
akainua kichwa kutoka mezani:
Kura ikiwa halali, na baridi ikabaki kwa walewale,
tuiite nini?

Lilikuwa swali la nane la mtihani uliopita.
Kwa maneno mengine, ya kitabuni.
Wote walikwenda sapu.

Umeme uliporudi hakuna aliyegeuka kuutazama.
Mishale minne ikawaka ukutani
nyuma ya mgongo wa Enelika, ikamchora kifuani,
naye akaifuta kwa kiganja kama mtu anayefukuza inzi.

Jioni nikagawa dodoso.
Swali la kumi na nne, kuhusu vifaa vya kisasa:
moja, moja, moja, moja.
Pembeni mwa karatasi moja, kwa penseli:
Mbona hamkuuliza kuhusu dirisha?

Ripoti yangu imerudi na wino mwekundu.
Sampuli ni ndogo. Mbinu haieleweki.
Tukio haliwezi kurudiwa chuo kingine.
Nimewaza kumjibu msimamizi wangu
kwamba mawe yapo kila chuo.
Sijamjibu. Mkataba wangu unaisha Desemba.

Wao waliandika barua kwa utawala, sahihi sitini na mbili,
aya ya pili wameitengua na kuiunga mara tano.
Jibu likaja mstari mmoja: Linashughulikiwa.
Wakalibandika ubaoni, chini yake wakaandika, Jadili.

Nilirudi Julai kuwaaga.
Dirishani kuna boksi la mafuta ya kula, limefungwa kamba,
na upepo umeshaanza kulilegeza pembe.
Pembeni mwa mlango, ratiba ya viti, kila Jumatatu.
Basi langu lilikuwa limechelewa Mafinga.
Nikaingia wamekwisha kuanza, wanabishana,
hakuna aliyenyamaza kwa ajili yangu.
Kiti kilikuwa kimoja tu.
Nikafunga vifungo vya koti, nikaenda kukaa.