Mpira wa Edgar

Agosti inakatika. Huku Wiltshire kriketi imesimama:
Clement, fundi bomba, kaupiga mpira
ukaruka ukuta wa kanisa, ukazama michongomani.
Timu zote mbili, na mwamuzi na koti lake jeupe,
wameinama, wanapekua kwa magongo,
midomo myeusi kwa matunda-pori wanayodokoa.

“Huu hapa!” Hester anaita.

Siyo. Huu mkongwe, ngozi imebabuka,
nyuzi zimeoza, konokono kapanga chumba.

Wilfred anaupokea, anaugeuzageuza.
“Wa Edgar. Mwaka ule wa ukame.
Tulimpa sita. Pasaka haikumkuta.”

Kivuli cha mnara kimeshafika wiketini,
chai inapoa kibandani.
Anaufuta pajani, upande mmoja tu,
kama mtu anayejiandaa kurusha,
kisha anauliza zamu ya nani.